PlayStation, Xbox na Nintendo: nani hasa anashindana na nani?

Mwaka 2006, Peter Moore, ambaye wakati huo alikuwa mmoja wa viongozi wa Xbox ndani ya Microsoft, alisema hadharani kwamba kwa bei ya PlayStation 3 (PS3) moja ya Sony watu wangenunua Xbox 360 pamoja na Wii ya Nintendo. Hesabu yake haikuwa na utata. PS3 ya bei ya juu ilitangazwa Marekani kwa dola 599. Xbox 360 ya bei ya chini ilikuwa dola 299, na Wii ilipofika sokoni iliuzwa dola 249. Jumlisha hizo mbili upate dola 548, na chenji inabaki.

Mfanyabiashara hampigii debe mpinzani wake bure. Kwa Moore, Sony ndiye aliyekuwa anamnyang'anya wateja, na Wii ilikuwa mashine inayoweza kukaa kando ya Xbox bila kugusa mapato yake. Kwa hiyo ukiniuliza kama konsoli, yaani mashine hizi za kuchezea gemu, zinashindana au zinakamilishana, nitakuuliza kwanza unazungumzia zipi mbili.

Kipimo ninachokiamini ni orodha ya gemu. Chukua gemu zote zinazochezeka kwenye konsoli uliyonayo, ziondoe kwenye orodha ya konsoli unayotaka kuongeza, halafu angalia kilichobaki. Kikibaki kidogo, hizo mbili ni wapinzani, na ukinunua ya pili utakuwa umelipia kitu kilekile mara mbili. Kikibaki kingi, na ndicho unachokitamani, zinakamilishana. Nguvu ya prosesa ina uzito pale tu inapoamua gemu zipi zitaingia na zipi zitashindwa.

Tuanze na wapinzani wa dhahiri. Xbox Series X na PlayStation 5 zilitoka ndani ya wiki moja, Novemba 2020: Xbox tarehe 10, PS5 tarehe 12 katika nchi za kwanza. Ndani yake ni ndugu: prosesa ya AMD ya aina ya Zen 2 yenye kore nane, chipu ya michoro ya AMD ya kizazi cha RDNA 2, kumbukumbu ya GB 16. Xbox ina teraflopsi (kipimo cha kasi ya hesabu) 12 dhidi ya 10.28 za PS5. PS5 nayo ina SSD, yaani hifadhi ya kasi, inayosoma GB 5.5 kwa sekunde dhidi ya GB 2.4 za Xbox. Mabishano juu ya namba hizi yamekuwa marefu kuliko yanavyostahili. Gemu nyingi zinazotoka kwenye zote mbili zinakaribiana kiasi kwamba mchezaji asiyeangalia padi mkononi mwake atapata shida kukuambia anacheza kwenye ipi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. PS3 ilitumia prosesa iitwayo Cell, yenye kore moja kuu na vitengo vidogo kadhaa vya kusaidia hesabu, na kumbukumbu yake iligawanywa mafungu mawili ya MB 256. Xbox 360 ilikuwa na kore tatu zinazofanana na MB 512 zinazotumiwa kwa pamoja na prosesa na michoro. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya moja haikukaa vizuri kwenye nyingine. Skyrim ya mwaka 2011 ni mfano unaojulikana: kwenye PS3 gemu lilizidi kuwa zito kadiri faili la sevu, yaani la maendeleo ya mchezaji yaliyohifadhiwa, lilivyokua. Mwaka 2013 mambo yakabadilika, kwani PS4 na Xbox One zote zilichukua prosesa za AMD za usanifu wa x86, kama za kompyuta ya kawaida. Kuhamisha gemu kutoka moja kwenda nyingine kukawa rahisi zaidi, orodha zikaanza kufanana, na tangu hapo ushindani wa hizi mbili umekuwa wa uso kwa uso.

Sasa weka Nintendo Switch mezani. Ilitoka tarehe 3 Machi 2017 ikiwa na chipu ya Nvidia Tegra X1, kumbukumbu ya GB 4 na kioo cha inchi 6.2 cha 720p. Ukiilinganisha kwa nguvu, ilikuwa nyuma ya PS4 iliyotoka miaka mitatu na zaidi kabla yake. GTA V haikuwahi kufika humo, wala Elden Ring. Lakini Mario, Zelda, Splatoon na Animal Crossing nazo hazikwenda kwa wengine. Orodha mbili ziligusana kwenye gemu za studio ndogo na baadhi ya gemu kubwa zilizopunguzwa ubora, na kwingine kila moja ilikuwa na njia yake. Matokeo yake ni kwamba PS4 imeuzwa zaidi ya milioni 117 na Switch imevuka milioni 150, na zilikuwa madukani pamoja kwa miaka. Kama zingekuwa zinagombea nafasi ileile sebuleni, mojawapo ingeonyesha kovu.

Suala hili lilifika hadi mahakamani. Microsoft ilipotaka kuinunua Activision Blizzard, kampuni ya gemu za Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilidai kwamba kuna soko la konsoli zenye nguvu ya juu, na kwamba ndani yake wamo PS5 na Xbox Series peke yao. Switch iko nje. Microsoft ilibishana kwamba Switch ni mpinzani halali na lazima ihesabiwe. Kila upande ulikuwa na sababu yake: soko likiwa dogo, Microsoft inaonekana kubwa na ya kutisha, na likipanuliwa inaonekana ya tatu katika watatu. Julai 2023 Jaji Jacqueline Scott Corley alikataa ombi la kuuzuia ununuzi huo, na ukakamilika Oktoba 13 mwaka uleule. Kwa kipimo changu cha orodha, FTC walikuwa karibu zaidi na ukweli kuhusu Switch, hata kama kesi yao haikusimama.

Nafasi ya kukamilishana, hata hivyo, haina hatimiliki. Wii ilipofanikiwa kwa padi ya kutikisa mkono, Sony walileta Move Septemba 2010 na Microsoft wakaleta Kinect Novemba 2010, vifaa vya kuchezea kwa mwendo wa mwili. Miaka minne baada ya Moore kuisifu Wii, Microsoft ilikuwa inawinda wateja walewale wa familia. Nintendo nao walikosea kwa kwenda upande wa pili. Wii U, mrithi wa Wii, ilizinduliwa Novemba 2012 ikiwa na Mass Effect 3, Batman: Arkham City na Assassin's Creed III, gemu ambazo mwenye PS3 au Xbox 360 alikuwa tayari nazo au angeweza kuzipata bila mashine mpya. Zilikuwepo sababu nyingine, jina lenyewe likiwachanganya wanunuzi ikiwa mojawapo, lakini kujaza dirisha la duka kwa gemu za jirani hakukumpa mtu sababu ya kutoa pesa. Iliishia milioni 13.56, dhidi ya milioni 101.63 za Wii.

Ukirudi nyuma zaidi utaona hata chombo cha kubebea gemu kinaweza kuamua nani anashindana na nani. Sega Saturn na PlayStation ya kwanza zote zilitumia CD, kwa hiyo zilipigana ana kwa ana. Kwenye maonyesho ya E3 Mei 1995, Sega walitangaza dola 399, kisha mtu wa Sony akapanda jukwaani akataja namba moja tu, 299, akashuka. Nintendo 64 ilibaki na kaseti. Kaseti kubwa kabisa za N64 zilibeba MB 64, ilhali CD moja ilibeba takriban MB 650. Final Fantasy VII ilihitaji CD tatu, na mwaka 1997 ilitoka kwenye PlayStation baada ya mfululizo huo kukaa kwa Nintendo kwa miaka yote ya nyuma. Sega yenyewe iliacha kutengeneza konsoli mwaka 2001 konsoli yake ya Dreamcast iliposhindwa, na haikupita muda Sonic, mhusika wake maarufu, akawa anakimbia kwenye GameCube ya Nintendo.

Hadithi ya Sega inafaa kukumbukwa leo kwa sababu Microsoft iko kwenye barabara inayofanana nayo kwa sehemu. Februari 2024 ilitangaza gemu nne za Xbox zitakazokwenda kwa wapinzani: Hi-Fi Rush, Pentiment, Sea of Thieves na Grounded. Aprili 2025 Indiana Jones na Forza Horizon 5 zikafika PS5, na Agosti mwaka huo Gears of War: Reloaded ikafuata. Sony wao wamefungua mlango kidogo: MLB The Show ipo Xbox tangu 2021, na Helldivers 2 iliingia Agosti 2025. Kwa upande wa konsoli, God of War, Spider-Man na Astro Bot zimebaki nyumbani.

Fanya tena ile hesabu ya kutoa. Kwa mwenye Xbox, PS5 bado inaongeza rafu nzima ya gemu. Kwa mwenye PS5, Xbox inaongeza Game Pass (usajili wake wa maktaba ya gemu), mamia ya gemu teule za Xbox 360 na Xbox ya kwanza, na gemu chache ambazo bado hazijavuka. Kukamilishana kunaweza kuwa kwa upande mmoja tu, na hapa ndipo wengi wanapopotoka wanapobishana kana kwamba uhusiano ni sawa kwa pande zote. Na kuna jambo linalonisikitisha katika hili: gemu zikiwa kila mahali mchezaji ananufaika, ila kampuni isiyo na cha kwake pekee hupoteza hamu ya kutengeneza mashine bora, na ushindani wa mashine ndio uliotuletea SSD za kasi na padi zenye hisia.

Usisahau pesa inatoka wapi. Konsoli mara nyingi huuzwa kwa faida ndogo sana, au kwa hasara mwanzoni. Faida iko kwenye fungu ambalo mwenye duka la kidijitali hulikata katika kila mauzo, kwa kawaida karibu asilimia 30, na kwenye usajili. Kwa hiyo hata ukiwa na mashine mbili, vita havijaisha. Vimehamia kwenye swali la gemu lijalo la Call of Duty utalinunua kwenye duka lipi.

Ukiamua kuwa na mbili

Upande wa marafiki umekuwa mwepesi kuliko zamani. Hadi 2018 ulilazimika kununua konsoli waliyonayo wenzako. Septemba mwaka huo Sony waliruhusu Fortnite ichezwe na watu wa mashine nyingine, na leo Rocket League, Minecraft na Call of Duty zinavuka mipaka. Si zote, lakini. GTA Online haimwunganishi mtu wa PS5 na mtu wa Xbox, kwa hiyo hakikisha kwa kila gemu kabla hujalipa. Mazungumzo ya sauti nayo ni jambo la peke yake: kikundi cha sauti cha PlayStation hakifiki Xbox. Tumieni sauti ya ndani ya gemu, au Discord, programu ya mazungumzo ambayo ipo kwenye PS5 na Xbox zote.

Kero inayowashangaza wengi ni televisheni. Vifaa vya HDMI huzungumza kupitia mfumo uitwao CEC, na konsoli mbili zikiwa zimeuwasha, zinanyang'anyana kioo. Unaipachika Switch kwenye kituo chake ichaji, TV inaruka na kumwacha mwenzako katikati ya mechi ya PS5. Au unazima TV kwa rimoti, na konsoli iliyokuwa inatumika inazimika au inalala pamoja nayo. Dawa ni kuamua konsoli moja tu ndiyo iwe na ruhusa hiyo. Kwenye PS5 ingia mipangilio, mfumo, kisha HDMI, uzime kiungo cha vifaa. Kwenye Switch, sehemu ya mipangilio ya TV, ondoa chaguo la kuwaka na kuzimika pamoja na televisheni. Kwenye Xbox, mipangilio ya jumla, TV na kioo, kisha udhibiti wa vifaa, na hapo utaona CEC.

Matundu ya HDMI pia yana ubaguzi. TV nyingi zina matundu mawili tu ya HDMI 2.1, na mojawapo ndilo lenye eARC, njia ya kutoa sauti, ambalo spika ya nje ya TV inalihitaji. Ukiwa na PS5, Series X na spika, mmoja lazima akose. Kisanduku cha kugawa HDMI kilichoandikwa Gbps 18 hakitapitisha picha ya 4K kwa fremu 120 kwa sekunde, hata kama picha itatoka na utadhani kila kitu kiko sawa. Hapa Switch ya kwanza ni jirani mwema: inatoa 1080p kwa fremu 60, tundu lolote la zamani linaitosha.

Usitegemee vifaa vya ziada kuhama. PS5 ya kwanza ina GB 825, na zinazobaki kwa matumizi ni 667. Kuongeza, unafungua kifuniko na kuweka SSD ya M.2 ya kizazi cha nne cha PCIe, Sony wakipendekeza kasi ya kusoma ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, ikiwa na bati la kupoza, na urefu wake kwenda juu, pamoja na hilo bati, usizidi milimita 11.25. Kinachowaponza wengi ni kununua bati nene lililoundwa kwa kompyuta, kisha mfuniko wa tundu haufungi. Series S, ndugu mdogo wa Series X, inabaki na GB 364 kati ya 512, na Xbox haikubali M.2 ya kawaida, inataka kadi yake maalumu inayochomekwa nyuma. Diski ya USB husaidia kuhifadhi tu: gemu za PS5 au za Series haziwezi kuchezwa moja kwa moja kutoka humo, lazima uzirudishe ndani. Switch 2, mrithi wa Switch, inakubali microSD Express pekee (aina ya kadi yenye kasi zaidi) kwa gemu, kwa hiyo kadi ya Switch yako ya zamani haitafaa.

Vipokea sauti vina mtego uleule. Vya waya wa milimita 3.5 vinafanya kazi kwenye padi ya PS5, padi ya Xbox na kwenye mwili wa Switch, na ndiyo maana ndivyo ninavyovipendekeza kwa nyumba yenye mashine mbili. Vya Bluetooth vya kawaida vinakubaliwa na Switch tangu sasisho la Septemba 2021, lakini si na PS5 wala Xbox. Vyenye kidude chao cha USB mara nyingi hutumika PS5 na kwenye kituo cha Switch, ilhali Xbox hutaka vilivyopewa leseni yake.

Usajili wa kucheza mtandaoni unalipwa kivyake kwa kila kampuni, na kulipa yote ndiko kunakomaliza faida ya kuwa na mbili. Chagua mashine moja ya kucheza mtandaoni na nyingine iwe ya gemu za peke yako. Fortnite na gemu nyingi za bure hazihitaji usajili wa PS5 wala Xbox. Jambo jingine: Xbox huhifadhi sevu zako mtandaoni bure, PlayStation na Nintendo hufanya hivyo kwa wanaolipa. Kuvusha sevu kutoka kampuni moja hadi nyingine haiwezekani isipokuwa gemu lenyewe lina akaunti yake, kama Diablo IV au Baldur's Gate 3. Nyongeza za gemu ulizonunua PS5 kwa kawaida hazitambuliwi Xbox, hata kama sevu imevuka, na hapo mtu hujikuta ana mhusika aliyefika mahali ambapo gemu lake jipya halina ruhusa ya kumpeleka.

Mahali ninapopaangalia kwa makini sasa ni Switch 2. Tangu ilipotoka tarehe 5 Juni 2025, ikiwa na kumbukumbu ya GB 12, hifadhi ya GB 256 na kioo cha inchi 7.9 cha 1080p, orodha yake imeanza kuingiliana na ya PS5: Cyberpunk 2077, Street Fighter 6 na Hogwarts Legacy zilikuwepo siku ya kwanza. Kwa gemu hizo, Nintendo sasa ni mpinzani, na sababu ya kununua kwake ni kucheza ukiwa safarini au kitandani. Kama gemu utalicheza mbele ya TV tu, lichukue kwa PS5 au Xbox, litaonekana vizuri zaidi. Kama ni Switch 2, soma kasha kabla ya kulipa. Cyberpunk imo yote kwenye kadi ya GB 64, lakini Street Fighter 6 inauzwa kwa kadi ya ufunguo: ndani ya kadi hamna gemu, unalipakua lote kwa intaneti, na kadi hiyo lazima iwe imechomekwa kila unapocheza. Alama yake iko chini upande wa mbele wa kasha.